Nyumba ya Spana

Mdogo wangu aliiita kontena. Angenivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, ningemsamehe. Alisema mbele ya ukoo mzima, siku ya Krismasi, kata ya pombe ya mbege mkononi: "Karibuni jamani, karibuni kwenye kontena la mama." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nakoroga mtori, supu yetu ya ndizi, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba nilichoshika kilikuwa mwiko na si spana.

Ile nyumba niliitengeneza mimi. Fremu zake nilizichomelea kwa mikono hii, matundu ya bolti niliyatoboa mwenyewe, na sikuitengeneza ili ipendeze machoni pa watu wa Desemba. Niliitengeneza ili mama yangu asiungue.

Lakini afadhali nianze mwanzo, maana nikianzia Krismasi nitatukana watu.

Kwetu ni Uru, mlimani juu ya mji wa Moshi, juu kabisa, kihamba cha mwisho kabla ya msitu. Kihamba, kwa asiyetujua, ni shamba la nyumbani: migomba imesimama juu ya kahawa, nyumba iko katikati, makaburi ya wazee yako karibu na nyumba, na ng'ombe anafugwa ndani kwa sababu hakuna pa kumchungia. Kihamba chenye mtu ni kibichi mwaka mzima na hakishiki moto ovyo. Kinachoshika moto ni kihamba kisicho na mtu, na siku hizi vimetuzunguka. Mwenyewe yuko Dar. Amejenga jumba lenye nguzo nene barazani kama benki, amepiga geti kufuli, anakuja Desemba kuchinja mbuzi, anaondoka. Nyuma yake kahawa inakufa, migomba inakauka, nyasi zinapanda mpaka madirishani. Mfongo, ule mfereji wetu wa tangu enzi za mababu, umejaa matope kwa kukosa wa kuuzibua. Zamani siku ya kuzibua mfongo asiyetokea alitozwa pombe na kusemwa mpaka akome. Siku hizi wanatuma ujumbe kwenye simu kwamba wako pamoja nasi kwa sala. Basi kiangazi kikifika, kutoka msituni mpaka mlangoni kwetu ni majani makavu matupu, na anatosha mlina asali mmoja asiyezima mwenge wake, au mvivu mmoja anayesafisha shamba kwa kiberiti.

Ndivyo ilivyokuwa Septemba ile. Ilikuwa mchana, upepo unapanda mlima, na mimi niko Moshi kazini. Moto haukuifikia nyumba ya mama kwa kutambaa. Ulikuja kwa cheche. Nyumba ya zamani ilikuwa ya mbao na bati, na kati ya ukuta na bati palikuwa na uwazi wa kutolea moshi, kama ilivyo kwa nyumba zote za zamani huko kwetu. Halafu darini, juu ya kichwa cha mama, kulijaa nyasi kavu za ng'ombe. Ndivyo tunavyofanya. Nyasi zinaletwa kutoka tambarare, zinapandishwa darini zisilowe, moshi wa jikoni unazikausha na kufukuza wadudu. Ni akili nzuri kabisa mpaka siku cheche inapopita kwenye ule uwazi.

Mama alikuwa ameshatoka. Jirani yetu, mjane mwenzake, alimshika mkono akamvuta mpaka barabarani. Lakini ng'ombe alikuwa amefungwa chumba cha nyuma, ndani ya nyumba ileile, na mama akamponyoka jirani akarudi ndani. Alitoka na ng'ombe. Mkono wake wa kulia uliungua kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko, kwa sababu kamba ilikuwa inawaka na hakuiachia.

Nilimkuta hospitali amefungwa bandeji. Nikamwambia, "Shikamoo mama, pole," halafu sikuweza kujizuia: "Ng'ombe ni nini mbele ya roho yako?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia swali la kipuuzi. "Ningemwachaje na ana mimba?"

"Na moto ukija tena?"

"Nitaingia tena."

Hakufikiri hata kidogo. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikiwa nimekasirika. Mama yangu hatabadilika, nikajisemea, na moto utakuja tena, watu waliouleta hawajaacha viberiti vyao. Kilichobaki cha kubadilisha ni nyumba.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Karakana yetu iko Moshi, upande wa viwandani, na kazi yetu ni nyumba za vipande. Ukuta tunautengeneza hapa, paa hapa, milango hapa, kila kitu kimepimwa na kutobolewa, kisha vinabebwa mpaka kwenye kiwanja na kufungwa kwa bolti. Wateja wetu ni watu wa makambi, wenye mashamba makubwa wanaotaka nyumba za vibarua, mara mojamoja shule. Mchagga wa kujiwekea nyumba ya hivyo kihambani sijawahi kumwona. Kwetu nyumba ni tofali, nyumba ni zege, nyumba inajengwa kidogokidogo kila Desemba mpaka mwenyewe azeeke.

Kikao cha familia kilikaa kwa baba mdogo. Mdogo wangu alipanda kutoka Dar na picha kwenye simu yake: nyumba ya tofali, vigae, nguzo nne barazani. Yeye ndiye mtoto wa mwisho wa kiume, na kwa mila yetu nyumba ya baba na kihamba chake ni vya mtoto wa mwisho. Kwa hiyo alizungumza kama mwenye mali, na wazee walimsikiliza kama mwenye mali.

"Desemba hii tunaweka msingi," alisema. "Desemba ijayo tunapandisha kuta. Taratibu, lakini kitu cha maana."

"Na mama alale wapi mpaka Desemba zako ziishe?" nikauliza.

"Aje kwangu Dar."

Mama akauliza, "Huko kwako kuna pa kufunga ng'ombe?" Watu wakacheka, naye mwenyewe hakucheka. Wakati huo alikuwa analala jikoni kwa jirani, juu ya godoro lililotandikwa karibu na mbuzi, na mkono wake ulikuwa haujapona.

Nikasema mimi nitamjengea ya vipande kabla mvua hazijakolea. Itakuwa ya chuma na saruji, moto hautapata pa kuingilia. Baba mdogo akakuna kidevu. "Ya vipande? Yaani inafunguka?" Nikamweleza. Mdogo wangu akatabasamu lile tabasamu lake la kuuzia viwanja.

"Dada, ile si nyumba. Ile ni mzigo."

Neno likawapendeza. Likazunguka kikao kizima, mzigo, mzigo, kama sahani ya nyama. Mwishowe wakaniruhusu kwa sharti kwamba ni ya muda tu, mpaka nyumba ya maana ianze. Sikubishana. Mtu akikupa ruhusa huku anakudharau, wewe chukua ruhusa.

Mwenye karakana aliniachia mashine baada ya saa za kazi. Fremu ni za skwea paipu, yale mabomba ya chuma ya pembe nne. Ukuta ni shiti za saruji nje na ndani, na katikati tunajaza ile pamba ya mawe ambayo hata ukiichoma na gesi inakutazama tu. Paa ni bati, na kati ya bati na ukuta hakuna uwazi. Pale pa kupitishia hewa niliweka wavu wa waya wenye matundu madogo kiasi kwamba cheche ikija inazimikia hapo. Sakafu imekaa juu ya nguzo fupi za zege, na chini yake nimezungushia wavu uleule, maana cheche hupenda sana kuingia chini ya nyumba na kutulia huko kama kuku anayelalia.

Siku ya kupandisha vipande, mvua za vuli zilikuwa zimeanza na lori likakwama darajani. Dereva akazima injini, akasema yeye habahatishi na maisha yake. Nikawapigia vijana wa Marangu ninaowafahamu, wapagazi wa mlimani, ambao msimu huo walikuwa wamekaa tu bila wageni. Hao hubeba mahema, mitungi ya gesi, mpaka vyoo vya wazungu. Mmoja akasimama mbele ya shiti na fremu yake akauliza, "Sasa hii ni nini, mama?" Nikamwambia ni ukuta wa chumbani. Akakunja ngata, akaomba atwishwe. Mpaka jioni nyumba nzima ya mama ilikuwa imeegemea migomba, na kijiji kimesimama kutazama.

Kufunga bolti hakukuchukua muda. Kilichochukua muda ni ugomvi.

Nyumba ya namna hiyo haitoshi yenyewe. Lazima izungukwe na ardhi tupu, isiyo na jani, isiyo na kuni, isiyo na nyasi. Banda la ng'ombe nililitenga upande wa pili wa uwanja, na nyasi zake nikaziwekea kibanda cha peke yake mbali zaidi. Kisha nikachukua panga nikakata migomba yote iliyoegemea nyumba, nikang'oa na ua, nikamwaga kokoto kuzunguka kuta.

Mama alitoka kwa jirani akaona. Aliweka mkono mzima kichwani.

"Mgomba ni maji!" alisema. "Umekata maji ukaweka vumbi!"

"Mgomba ni maji, mama. Yale majani makavu yanayoning'inia ni mafuta ya taa. Migomba ya kule nimeiacha. Nimekata ya ukutani tu."

"Huo uwanja wote wa nini?"

"Moto usipate pa kukanyaga."

Akauzunguka kwa macho, polepole. Halafu akasema kitu kilichonikera kuliko maneno yote ya kikao.

"Umenifyekea kaburi."

Lazima nieleze hapa. Kihambani hakuna ardhi inayoachwa bure. Ukiona mbele ya nyumba ya mtu pamefyekwa, pamesawazishwa na pamemwagwa kokoto, ujue kuna msiba, wanachimba au wameshachimba. Mimi nilikuwa nimewaza cheche na upepo, sikuwaza jicho la mtu wa kwetu. Na kana kwamba shetani alikuwa anasikiliza, siku hiyohiyo mzee mmoja akapita njiani, akaona kokoto, akavua kofia. "Poleni sana," alisema. "Ni nani?"

"Ni mimi," mama akamjibu.

Nilitaka kupasuka. Nimefanya kazi usiku na mchana, nimebebesha watu kuta mabegani, nimemwekea mwanamke yule nyumba ambayo moto hauna ufunguo wake, na yeye anapokea rambirambi zake mwenyewe getini. Nilimwambia maneno. Nilimwambia kama anataka kufa aniambie nisiharibu bolti. Alihamia ndani, akakubali kitanda, akakubali dirisha, lakini kokoto hakuzikubali. Alipita mstari mmoja tu, mlangoni mpaka kwa ng'ombe, na kwingine kote hakukanyaga, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala chini.

Ndipo ikaja Krismasi.

Mdogo wangu alitangulia kufika, mimi nikiwa bado kazini Moshi. Nilipopanda nilimkuta ameshamaliza kunisaidia. Ameegemeza kwenye ukuta wangu banda la wageni, nguzo za miti, paa la nyasi, nyasi kavu nzuri za kutoka tambarare, zimepangwa vizuri mpaka zinang'aa. Limekaa juu ya kokoto zangu zote za upande wa mbele. Miti imepigiliwa misumari kwenye shiti zangu. Chini ya dirisha amepanga kuni za ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Na juu, kwenye wavu, amekata tundu la kupita ngumi ili waya za spika na taa za kumetameta ziingie.

Nilisimama pale na mfuko wa sukari mkononi. Nilihisi damu inapanda mpaka masikioni.

"Unajua ule wavu ni wa nini?"

"Si wa mbu?"

"Ni wa cheche! Ni wa cheche, wewe! Na hizi nyasi umeziweka wapi? Unajua nyumba ya kwanza iliungua kwa sababu gani?"

"Dada, aisee, punguza sauti. Mvua imenyesha juzi. Moto wa nini Krismasi?" Akanishika bega. "Angalau sasa panaonekana pana watu. Watu waje na magari yao, wakute mama anakaa kwenye kontena katikati ya kokoto kama mlinzi wa godauni. Hatuna aibu?"

Hapo ndipo nilipojua. Moto uliomchoma mama mkono haukumuuma mdogo wangu. Kilichomuuma ni kuta za kijivu ambazo wenzake wa Dar wangeziona wakishuka kwenye magari. Anakaa kihambani wiki moja kwa mwaka, na wiki hiyo moja ndiyo anataka mama ajengewe.

Nikaenda kuchukua nyundo. Akanizibia njia, na akasema kwa sauti ambayo baba mdogo na wazee wote waliisikia:

"Kihamba ni cha nani hapa? Wewe umeolewa, una kwenu."

Mimi nimeolewa Kibosho. Kibosho nikifungua mdomo naambiwa mimi ni mtu wa Uru, ninyamaze. Uru nikifungua mdomo naambiwa kwetu ni Kibosho. Mahali pangu pa kusimama duniani ni karakana, nimevaa miwani ya giza, na hata huko lazima niwe nimeshika kitu kinachowaka ndipo watu wanipishe.

"Kihamba ni chako," nikamwambia. "Nyumba ina bolti. Nikitaka nitaifungua mbele ya wageni wako na nitakuachia kokoto."

Nilimtazama mama. Nilimngoja aseme neno, yeye aliyerudi ndani ya moto kwa ajili ya ng'ombe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wake wenye makovu umelala mapajani.

"Mwache mdogo wako," alisema. "Watu wanakula."

Niliinama nikakoroga mtori, na ndiyo siku ile mdogo wangu alipowakaribisha watu kwenye kontena. Asubuhi yake niliziba lile tundu la wavu kwa kipande kipya, nikashuka Moshi bila kumuaga mtu yeyote zaidi ya mama na ng'ombe. Nikasusa. Januari yote sikupanda. Nilipiga simu tu, nayo ya kifupi.

"Shikamoo mama. Mkono?"

"Marahaba. Unakunjika. Ng'ombe amezaa, ndama jike."

"Una kuni? Una nyasi?"

"Vipo. Mwaka huu sijahangaika kabisa."

"Na lile banda?" niliuliza siku moja.

"Mambo ya banda achana nayo," akasema, na mimi nikakata simu nikiwa nimenuna. Nilijua maana yake. Mtoto wa kiume amejenga, nani abomoe?

Februari ikaja na jua la kuchoma. Siku moja mchana simu ya jirani ikaita. Nilisikia upepo, nikasikia watu wanapiga kelele, na katikati yake sauti yake: "Njoo! Moto umetokea kwenye lile jumba lililofungwa, unakuja kwenu!" Kisha ikakatika. Nikampigia mama. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena, haipokelewi.

Nilipanda bodaboda na aproni yangu ya ngozi mwilini. Njia nzima nilimwona mdogo wangu. Niliziona zile nyasi zake zilizong'aa, zimelala juu ya ukuta wangu, cheche inatua, nyasi zinashika, moto unapasua dirisha kwa zile kuni alizozipanga kwa ustadi. Ukuta wangu ungestahimili moto unaopita. Moto uliowekewa kitanda ubavuni mwake na kuambiwa kaa ule taratibu, huo usingeustahimili. Na mama ameingia ndani kutafuta kitu, kwa sababu huyo ndiye mama. Niliapa kwa sauti, mwenye bodaboda akageuka kunitazama, niliapa kwamba nitamzika mama halafu nitakwenda Dar na kubomoa kila ukuta wa nyumba ya mtoto wake wa mwisho. Nilimaanisha. Ninapoandika haya bado namaanisha kidogo.

Juu kulikuwa moshi mtupu. Pikipiki ikakataa, nikakimbia kwa miguu. Migomba ya ukingoni ilikuwa imebabuka, majani yake yamejikunja meusi, lakini mashina yamesimama, na hapo mama alikuwa amesema kweli. Kibanda cha nyasi kilikuwa jivu. Banda la ng'ombe lilikuwa linafuka moshi, paa limeanguka. Nikafika uwanjani.

Nyumba imesimama. Ukuta mmoja mweusi, dirisha moja limepata ufa, basi. Na mbele yake, katikati ya kokoto, pale ambapo hakuwahi kutia mguu, mama amesimama na blanketi lililolowa mabegani. Mkono mmoja ameshika kamba ya ng'ombe, mwingine ameshika ndama sikio. Jirani amesimama naye, amekumbatia mbuzi wake wawili. Wote wamejaa masizi.

Banda la wageni halikuwepo.

Nililitafuta kwa macho kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Hakuna nguzo, hakuna hata unyasi mmoja. Kwenye shiti zangu palibaki matundu ya misumari tu.

"Mama, banda liko wapi?"

"Banda gani?"

"La mwanao!"

"Ah," alisema. "Nyasi kala ng'ombe. Miti nimepikia."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoondoka. Zile kuni za mbuzi ndizo nilianza nazo." Akakohoa moshi, akatema pembeni. "Nyasi nzuri vile, ng'ombe ana mimba, na mtu mzima na akili zake anachukua chakula cha ng'ombe anakiweka juu ya paa. Ng'ombe anakitazama. Mimi nivumilie?"

Nilikaa chini. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili kwa pamoja, na nilipomaliza hasira ikarudi palepale. "Kwa nini hukuniambia? Nimekufa mara ngapi huko njiani! Na Krismasi si uliniambia nimwache?"

"Nilikuambia umwache yeye," mama alisema. "Sikusema uache banda."

Akanieleza ilivyokuwa. Moto ulipotokea alifungua ng'ombe na ndama, akataka kukimbilia barabarani, barabara haionekani kwa moshi. Akageuka huku, migomba ya ukingoni inapasuka. Mahali pekee ambapo hapakuwa na kitu cha kuwaka palikuwa pale pangu. Simu ilibaki kitandani, hakuirudia. Alichota maji kwenye pipa, akalowesha blanketi, akasimama kwenye kokoto na wanyama wake mpaka moto ukapita pande zote mbili. Cheche zilimwangukia miguuni zikafa.

"Nimesimama kwenye kaburi langu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba nikamwona akitabasamu. Kisha akawa mkali, akanyoosha kidole chenye kovu. "Nisikilize. Nikifa mnizike kule kwenye migomba. Hapa msichimbe. Hapa ni pa kusimama."

Jioni yake kundi la familia kwenye simu lilijaa. Mdogo wangu alikuwa amemwomba jirani amtumie picha, kisha akaiweka humo na mikono ya kusali chini yake: "Mungu ni mwema kila wakati! Nyumba yetu imesimama imara!" Nikaisoma mara mbili. Nyumba yetu. Mashangazi wakaitikia amina, amina. Baba mdogo akaandika kwamba ukoo umeona mbali.

Kesho yake nilikuwa ninakaza bolti za ule ukuta mweusi simu ya mama ilipoita. Mama hajui kuongea na simu bila kuiweka sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Pole za mdogo wangu zilikuwa nyingi. Halafu akasema, "Sasa mama, Pasaka nakuja na fundi. Hiyo nyumba yetu tutaipiga rangi, na tutainua banda lingine hapo mbele, kubwa zaidi. Safari hii mbao nzuri."

Mama aliniangalia. Akanyoosha mkono, nikadhani anataka nimsaidie kuinuka. Alikuwa anataka spana. Nikampa. Akaishika vile nilivyokuwa naishika mimi, akaivalisha kwenye bolti ya pembeni, akauliza kwa midomo bila sauti, huku au huku? Nikamwonyesha upande wa kufungulia.

"Mwanangu," alimwambia, "kihamba ni chako, hakuna anayekunyang'anya. Ila spana ninayo mimi. Siku fundi wako akipigilia msumari kwenye huu ukuta, nafungua."

"Mama, unafungua nini?"

"Nyumba. Si ulisema ni mzigo? Najitwisha, naondoka nayo, na ng'ombe wangu na ndama wake. Wewe utakuja Krismasi utakuta kokoto."

Mama akakata simu, akafunga spana kwenye pindo la kanga, akapiga fundo mara mbili, akaenda kukata majani ya ndama. Pasaka imepita, hakuna fundi aliyekuja, na spana yangu sijarudishiwa.